Maji ya Kampala Huchemka kwa Nyuzi 96: Jinsi Gari Linavyopima Joto la Injini Yake



Kampala iko takriban mita 1,190 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo maji yaliyo wazi hapa kwetu hayasubiri nyuzi 100 ndipo yachemke. Yakifika 96 yanatokota. Zile nyuzi 100 tulizokariri shuleni ni za Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, kule pwani ambako hewa inayoyakandamiza maji ni nzito zaidi. Na gari linalotoka bandarini Mombasa kuja huku, likipita nyanda za juu za Timboroa nchini Kenya, hufika mahali ambapo maji wazi huchemka kwa nyuzi 91 hivi.

Kwa mpika chai, tofauti ya nyuzi nne si kitu. Kwa injini ni jambo kubwa, na sehemu nzuri ya nitakayoyasema leo inazunguka hapo hapo. Nimeona magari si haba katika jiji hili yanayochemsha huku mshale wa geji umetulia katikati. Dereva anasema geji imekufa. Fundi anabadilisha sensa ya joto. Gari linarudi barabarani, na haupiti muda gasketi ya hedi inaungua. Sensa haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli kuhusu kitu ilichowekewa kukipima, na kitu hicho si injini.

Tuanze basi na swali hilo: sensa ya joto inapima nini hasa?

Ndani ya silinda, petroli inapowaka, gesi hupita nyuzi 2,000. Hedi za magari mengi ya siku hizi ni za alumini, na alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Kinachoiokoa hedi ni maji yanayosukumwa na pampu kupitia mifereji iliyomo ndani ya bloku na hedi, yakibeba joto kwenda kwenye rejeta. Sensa hufungwa kwenye njia ya maji hayo, mara nyingi pale yanapotoka kwenye hedi au jirani na thamostati. Ncha yake imezama majini. Haigusi chumba cha moto wala chuma kilicho kati ya vali za moshi, mahali ambapo hedi hupasukia. Inachojua ni joto la maji yanayoigusa ncha ile, basi.

Hii niliyoshika ni sensa ya kawaida ya Toyota. Ni kipande cha metali chenye hesi, hakizidi kidole gumba. Ndani yake mna punje ya thamista, yaani mchanganyiko wa oksidi za metali kama manganizi, nikeli na kobalti, uliookwa hadi ukawa mgumu kama kigae. Punje hiyo ina tabia iliyo kinyume na waya wa kawaida: ikipata joto, huulegezea umeme njia. Mwingereza Michael Faraday aliiona tabia hiyo mwaka 1833 alipokuwa akichunguza kampaundi ya fedha na salfa, lakini ilipita karibu karne nzima kabla ya Mmarekani Samuel Ruben kutengeneza thamista ya kuuzwa, mnamo 1930.

Nimeiunganisha na mita. Kwa joto la ukumbi huu inasoma zaidi kidogo ya omu 2,000. Sasa naitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto yaliyotoka kwenye chupa ya chai. Tazameni tarakimu zinavyoporomoka: 1,000, 700, 500, na sasa inatulia kwenye mia tatu na kitu. Kipimajoto kilichomo kwenye kikombe kinasema nyuzi 80. Kijana yeyote mwenye mita ya bei ndogo anaweza kufanya jaribio hili gereji kwake, na ningependa lifanywe kabla ya sensa yoyote kutupwa.

Kompyuta ya gari haioni omu moja kwa moja. Inapeleka volti 5 kupitia rezista iliyomo ndani yake, kisha inasoma ni volti ngapi zimebaki kwenye sensa. Injini ikiwa baridi, omu ni nyingi na volti zinakuwa juu. Injini ikipata moto, volti zinashuka. Ndani ya kumbukumbu yake mna jedwali linaloonyesha volti kadhaa ni nyuzi kadhaa, na kwa jedwali hilo inaamua mambo mengi kuliko wengi wanavyodhani: petroli kiasi gani, cheche zipige mapema kiasi gani, mwendo wa injini ikiwa imesimama, feni iwashwe lini, eyakondishena izimwe lini.

Sasa waya ukikatika, kompyuta inaona volti zote tano. Kwenye jedwali lake hiyo ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Waya zikigusana, inaona karibu sifuri volti, yaani injini yenye joto lisilowezekana. Kompyuta imefundishwa kutilia shaka habari za namna hiyo. Inawasha taa ya injini, inaandika namba ya kosa, P0118 kwa waya uliokatika na P0117 kwa waya zilizogusana, na kisha inajichagulia joto la kubuni ili gari liweze kuendelea. Kwenye Toyota nyingi joto hilo la kubuni ni nyuzi 80, na magari mengi pia huiacha feni izunguke bila kusimama.

Hapa naomba mafundi wanisikilize vizuri. Yako magereji ambayo gari likichemsha huchomoa plagi ya sensa makusudi, feni ikazunguka muda wote, mteja akalipa na kwenda zake akishukuru. Feni amepata. Lakini kuanzia dakika ile kompyuta yake inaamini kwamba injini ina nyuzi 80, na itaendelea kuamini hivyo hata hedi ikipinda. Taa nyekundu inayotegemea sensa hiyo haitawaka tena. Mteja huyo huenda ana watoto sita nyumbani wanaokula kwa gari hilo. Kumtoa kwenye gereji akiwa hivyo ni kumdhulumu, hata kama siku hiyo alitabasamu.

Nirudi kwenye mshale. Zamani geji ilikuwa na sensa yake peke yake yenye waya mmoja, na mshale ulisukumwa na kibamba cha metali mbili kilichopashwa na umeme uliopita ndani yake. Ulikuwa mzito, ulichelewa, lakini ulipanda na kushuka pamoja na maji. Kwenye magari mengi ya leo mshale unaendeshwa na kompyuta, na watengenezaji wameuwekea eneo pana la utulivu. Kuanzia nyuzi 75 au 80 hadi kupita 100, mshale haujongei, umekaa katikati. Walifanya hivyo kwa sababu mshale unaochezacheza ulikuwa ukiwatia wateja wasiwasi bure. Na magari madogo tunayoyaona kila kona, Vitz na Passo na wenzao, hata mshale hayana. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Kati ya hizo mbili dereva haambiwi chochote.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1910 kampuni ya Boyce ya New York iliuza kipimajoto kilichosimama juu ya mfuniko wa rejeta, nje kabisa, dereva akikisoma kupitia kioo cha mbele. Chenyewe kilipima mvuke ulio juu ya maji na si maji yenyewe, na kwa hilo kilikuwa na udhaifu ule ule nitakaoueleza sasa hivi. Wengine walilikwepa tatizo zima. Volkswagen ya kobe haikuwa na maji kabisa, injini ilipozwa kwa hewa, na katika mashindano ya Safari yaliyoanza 1953 yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, gari hilo ndilo lililotamba katika miaka ya mwanzo.

Haya, tufike kwenye kiini. Kiini hicho kinauzwa kwa bei ndogo na watu hawakitazami: mfuniko wa rejeta.

Chini ya mfuniko huo mna springi na raba. Juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 88 au 108 za kilopaskali, au 0.9 na 1.1 kwa kipimo kingine. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke mpaka msukumo ufike hapo. Kila apikaye maharage kwa sufuria la presha anajua maana yake: maji yaliyobanwa hukubali kupata moto zaidi kabla ya kuchemka. Kwa mfuniko mzima wa 88, maji matupu hapa Kampala hayachemki mpaka nyuzi 116. Ukitia kulanti nusu kwa nusu badala ya maji matupu, unaongeza nyuzi nyingine kama saba.

Sasa wekeni namba hizi pembeni mwa zile za kompyuta. Feni ya umeme kwenye magari mengi huwaka kati ya nyuzi 93 na 98. Taa nyekundu haiwaki mpaka joto lipite 110, na mengine yanasubiri karibu 120. Mpango wa watengenezaji uko wazi: feni ianze mapema, mfuniko uyazuie maji yasichemke, na kama joto litazidi kupanda, sensa ione na taa iwake kabla maji hayajafikia kuchemka. Kila kitu kimepangwa kwa kuamini kwamba mfuniko ni mzima.

Raba ya mfuniko ikiisha, mpango wote unavunjika. Maji hayabanwi tena. Hapa kwetu yanachemka kwa 96, joto lile lile ambalo feni ndiyo kwanza inaanza. Na kuna kanuni ya fizikia isiyokwepeka: maji yanayochemka hayazidi kupata moto. Ukiongeza moto, unaongeza mvuke tu. Kwa hiyo sensa iliyozama katika maji hayo inasoma 96 na haivuki hapo. Kompyuta inapewa 96. Kwa kompyuta 96 ni hali njema kabisa ya kazi, mshale unabaki katikati, taa iko kimya, na kwenye mifereji ya hedi maji yanatokota. Mapovu yanajikusanya penye moto mkali zaidi, kandokando ya vali za moshi. Mvuke haubebi joto kama maji. Chuma kilichofunikwa na povu kinapanda moto bila kipingamizi, na sensa iliyoko mbali kidogo haina namna ya kujua.

Gari lile lile, lenye mfuniko ule ule mbovu, likiendeshwa Mombasa lina nyuzi nne za ziada. Feni inapata nafasi ya kufanya kazi kabla maji hayajachemka, na huenda mwenye gari asigundue kitu kwa miezi. Ndiyo maana magari yanaletwa huku yakiwa na sifa nzuri, kisha yanaanza kuchemsha kwenye foleni, na watu wanasema ni bahati mbaya au gari limerogwa.

Hatua inayofuata ni mbaya zaidi. Maji yanapochemka yanatoka kupitia chupa ya akiba, na kina kinashuka. Kikishuka chini ya sensa, ncha iliyokuwa majini inabaki kwenye mvuke na hewa. Hewa haipeleki joto kwenye sensa kwa wepesi wa maji. Hapo usomaji unakwama, au unashuka. Dereva akitazama dashibodi anaona mshale unarudi chini. Anashusha pumzi. Anaongeza mwendo. Kwa wakati huo injini yake haina kitu cha kuipoza.

Kwa hiyo mshale unaoshuka ghafla injini ikiwa inafanya kazi ngumu, mathalani teksi iliyojaa abiria kumi na wanne inapanda kilima cha Namirembe kwa gia ya kwanza, ni ishara ya hatari kuliko mshale unaopanda polepole. Dalili nyingine za kukosa maji ni hita inayoanza kutoa hewa baridi ghafla, harufu tamu ya kulanti, na mlio wa injini kugonga kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Hizo zote dereva anaweza kuzipata kwa pua, ngozi na masikio yake.

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililofikia miaka 15 tangu litengenezwe. Maana yake gari la miaka kumi na mbili linaingia kihalali, na raba ya mfuniko wake, kama haijabadilishwa, ina umri huo huo. Watu wananunua gari, wanabadilisha matairi, wanatia redio, wanapaka rangi. Mfuniko hawaugusi. Au wanaukaza kwa kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, au raba ya tyubu ya baiskeli, jambo ambalo ni baya kwa upande wa pili: mfuniko usioachia kabisa hupasua mipira ya maji au rejeta yenyewe. Mfuniko una namba. Nunua wenye namba ile ile iliyowekwa na mtengenezaji, usizidishe wala usipunguze.

Nizungumzie thamostati, maana hapo ndipo nina ugomvi na gereji nyingi za mji huu. Thamostati ni vali yenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na vali imefunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu. Yakifika nyuzi 82, kwa Toyota nyingi, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma vali, na maji yanapata njia ya rejeta. Fundi anaambiwa gari linachemsha, anaitoa thamostati, anaitupa, anasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Kampala mchana una nyuzi 27 au 28. Tokyo wakati wa kiangazi huzidi hapo, na thamostati zao hawazing'oi.

Kinachofuata baada ya kuing'oa hutegemea njia. Gari likiwa linakimbia barabara ya Entebbe, maji yanapita rejeta muda wote na injini haifiki joto lake la kazi. Sensa inasoma 60 au 65. Kompyuta inadhani injini bado inapashwa, inaendelea kuongeza petroli kama vile ni asubuhi ya baridi. Mwenye gari analalamika gari linakunywa mafuta na hajui kwamba amelipa fundi ili iwe hivyo. Oili nayo haipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake, na silinda zinaisha mapema. Kompyuta za kisasa hata zina namba ya kosa kwa hali hiyo, P0128. Sasa gari hilo hilo likiingia kwenye foleni ya Jinja Road au Kibuye, kwenye injini nyingi za Toyota jambo jingine linatokea. Thamostati yake ina kisahani cha pili chini, ambacho vali kuu inapofunguka huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto hairudi tena kwenye rejeta. Kwa hiyo gari lililong'olewa thamostati ili lisichemshe linachemsha vizuri zaidi pale pale ambapo halikutakiwa kuchemsha.

Thamostati inapimwa kwa urahisi. Ifunge kwa uzi, izamishe kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa moto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake. Vitabu vya Toyota husema kwa aina nyingi kwamba ifikapo nyuzi 95 vali iwe imenyanyuka milimita nane au kumi. Mkumbuke tena mahali tulipo: maji ya sufuria yako yanaishia 96. Una nyuzi moja tu ya nafasi, kwa hiyo yaache yatokote kwa dakika kadhaa kabla ya kuihukumu. Fundi aliyeko Kabale, juu zaidi yetu, hawezi kabisa kuifikisha 95 kwenye sufuria ya wazi, na akiitupa thamostati kwa kuwa haikufunguka kikamilifu, huenda ametupa nzima. Na unapoirudisha, kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa karibu na sensa inaleta usomaji wa uongo kama ule wa maji yaliyoisha.

Kuhusu feni nitasema machache. Kwenye mwendo, upepo wa barabarani hutosha. Kwenye foleni ya Clock Tower feni ndiyo kila kitu, hasa kwa kuwa kondensa ya eyakondishena imekaa mbele ya rejeta na inaipulizia hewa iliyokwisha pata moto. Teksi nyingi za HiAce zenye injini ya dizeli hutumia feni ya mkanda yenye mafuta ya silikoni na kibamba kilichojikunja mbele yake. Kibamba hicho kinahisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta na kuikaza feni bila umeme wowote. Mafuta yake yakivuja, feni inazunguka kwa uvivu. Zima injini ikiwa ya moto, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka mizunguko mingi kama haina kazi, imekwisha. Kuunganisha feni ya umeme moja kwa moja na swichi kwenye dashibodi ni kumkabidhi dereva aliyechoka saa mbili usiku kazi iliyokuwa ya kompyuta.

Kwa wanaonunua vipuri katika soko la Kisekka: sensa ya waya mmoja ya geji na ile ya waya mbili ya kompyuta zinaweza kuwa na hesi moja na zikaingiliana kwenye tundu, lakini jedwali la omu ni tofauti. Hata sensa mbili za waya mbili za kampuni tofauti hutofautiana. Ukiweka isiyo yake, kompyuta itasoma joto lisilo la kweli siku zote na wala haitawasha taa, kwa sababu habari haionekani ya ajabu. Nenda na mita, nenda na namba ya kipuri. Pima kwa joto la kawaida, pima kwa nyuzi 80, pima kwenye maji yanayotokota, ukikumbuka kuandika 96 na si 100.

Kipo pia kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani na kupeleka habari kwenye simu. Hicho kinakuonyesha joto kwa namba badala ya mshale uliotulizwa. Joto la maji hutumwa kwa namba kati ya 0 na 255, kisha hupunguzwa 40. Ndiyo maana kipimo kinaanzia nyuzi 40 chini ya sifuri. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaongei na vifaa hivyo vya kawaida, kwa hiyo jaribu kabla ya kununua. Wakati mzuri wa kukitumia ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Washa swichi bila kuwasha injini. Joto la maji na joto la hewa inayoingia injini yanapaswa kukaribiana, kwa sababu usiku kucha kila kitu kimepoa pamoja. Yakitofautiana kwa nyuzi kumi au zaidi, sensa mojawapo ina kasoro. Kompyuta nyingi za kisasa hufanya ulinganisho huo huo zenyewe.

Taa nyekundu ikiwaka, zima eyakondishena, fungua hita kwa nguvu zote hata kama jasho litakutoka, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Toka barabarani. Kama feni inazunguka na maji bado yamo, iache injini ipumue dakika moja au mbili bila kukanyaga. Kama feni imesimama au mvuke unatoka, zima mara moja. Usiuguse mfuniko. Maji yaliyobanwa kwa nyuzi 110 yakifunguliwa hapa Kampala yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Kuna vijana wa gereji wanaotembea na makovu hayo. Subiri nusu saa au zaidi. Na usimwagie hedi ya moto maji baridi kutoka kwenye jerikeni, itapasuka.

Wapo waliotafuta njia ya kuipima injini yenyewe. Cadillac mwaka 1993 walitoa injini ya Northstar ambayo ikikosa maji huzima silinda kwa zamu, ile isiyowaka ikivuta hewa tupu ya kupoza chuma, ili gari lifike mahali salama. Ford baadaye walifunga kwenye injini zao kadhaa sensa inayogusa chuma cha hedi badala ya maji. Hiyo huona joto hata maji yakiwa yameisha. Sijui kwa nini kila gari halina sensa ya namna hiyo, ilhali punje yake ni thamista ile ile niliyoitumbukiza kwenye kikombe.

Na kwa vijana wanaodhani elimu hii itazikwa pamoja na petroli: gari la umeme la Kiira EV lililoendeshwa Makerere mwaka 2011, na mabasi ya Kayoola yaliyofuata, yote yamebeba betri zinazoogopa joto kuliko injini yoyote. Betri za lithiamu hupenda nyuzi 15 hadi 35. Pakiti ya betri ina thamista nyingi zilizopangwa kati ya seli, na swali la mhandisi ni lile lile la leo: sensa imegusa nini, na seli iliyo mbali nayo ina joto gani?

Mezani hapa nimeleta pampu ya kupimia presha ya mifuniko. Wenye magari yaliyoegeshwa uani tangu tuanze, yaani yaliyokwisha poa, wafungue mifuniko yao waje nayo. Tutapima mmoja mmoja, na ule usioshika presha iliyoandikwa juu yake tutaandika namba yake kwenye karatasi ili mwenyewe ajue cha kununua kesho asubuhi.